Wimbo Uliouzwa Buzuruga

Upawa aliopigwa nao Suzana ulikuwa wake mwenyewe, ule wa aluminiamu aliochotea uji kila asubuhi kando ya stendi ya Buzuruga. Mumewe alimnyang'anya mkononi, akamchapa nao shavu la kulia, akamshika kidevu akamgeuza, akamchapa la kushoto. Uji uliokuwa umebaki ndani ya upawa ukawarukia wateja wawili waliokaa kwenye benchi. Wateja wakainuka, wakajifuta, wakaenda kunywa kwingine. Ilikuwa saa mbili asubuhi na watu walikuwa tele.

"Cheka sasa," mumewe alimwambia. "Si ulikuwa unacheka na makondakta? Cheka nikuone."

Suzana akacheka. Damu ilikuwa ikimtoka puani ikiingia mdomoni, naye akacheka hivyo hivyo, hi, hi, hi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesomeshwa silabi.

Kija aliyaona yote hayo toka nyuma ya kaunta ya duka lake, hatua kumi na tano tu toka pale. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, ameachika zamani, hana mtoto, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya duka hilo la nyimbo. Watu walimletea memori kadi na flashi akawajazia wanachotaka: nyimbo za bendi, za injili, ngoma za kwao Magu na Kwimba. Aliuza pia spika ndogo, chaja na nyuzi za gitaa. Wakati Suzana anachekeshwa, Kija alikuwa ameshika flashi ya mteja. Aliibana mpaka ikamwachia alama kiganjani, lakini hakutoka.

Hakutoka kwa sababu mume wa Suzana alikuwa Mashimba, mkubwa wa wapiga debe wa pale. Vijana wapatao ishirini walipata mlo wao kwa ruhusa yake. Akisema basi hili lijae kwanza, linajaa. Akisema fulani asionekane tena stendi, haonekani. Kosa la mke wake asubuhi ile lilikuwa kumcheka kondakta aliyeunguza ulimi.

Mwingine aliyeona ni Shigela. Huyo alikuwa mpiga zeze, mtu wa Buswelu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kila siku isipokuwa Jumapili alikuja akaweka kigoda chini ya paa la duka la Kija, akaimba kilichotokea mjini. Basi likiharibika njiani, aliliimba. Dagaa wakipanda bei, aliwaimba. Mgombea akiahidi lami, Shigela aliiimba hiyo lami mpaka abiria wakashika mbavu. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemgusa, maana alijua kumtania mtu hadi mwenyewe aliyetaniwa anacheka. Lakini siku ile hakuimba. Alilifunga zeze lake katika kitambaa, akaondoka saa tatu asubuhi bila kuaga.

Kesho yake alikuja na wimbo mpya.

"Kuna simba hapa mjini," aliimba, "porini hajulikani. Akikutana na fisi hupiga magoti. Akirudi nyumbani, humrarua anayemlisha."

Mashimba, kwa Kisukuma, ni simba, tena wengi. Hata mtoto angeelewa. Watu walitazamana kwanza, wakatazama kule wapiga debe waliko, kisha mmoja akacheka kwa pua, na wote wakaangua kicheko. Wakamwambia arudie. Akarudia. Nyuma ya kaunta, Kija alikuwa ameinua simu yake anarekodi.

Alipomaliza, Kija alimwita ndani. "Huu nitauweka kwenye kadi za watu," alisema.

Shigela akatikisa kichwa. "Dada Kija, huu uache. Nimeuimba kwa sababu nilishindwa kulala. Uishie hapa hapa stendi."

"Kwa nini? Ni mzuri kuliko zako zote."

"Una meno."

"Meno ndiyo watu wanayataka, kaka yangu."

Shigela alikuwa mtu wa kuimba, si wa kubishana, na Kija alilijua hilo. Jioni ile alikaa kwenye kompyuta yake, akaisafisha sauti, akaweka ngoma chini ya zeze, akaupa wimbo jina: Simba wa Stendi. Alijiambia anamtetea Suzana, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba siku hizi watu wanajipakulia nyimbo wenyewe kwenye simu, duka limepoa, na hapa palikuwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye simu ya mtu yeyote.

Baada ya wiki mbili kilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Vijana wa bodaboda walikifungulia kwenye vispika vya pikipiki. Wauza samaki wa Kirumba walikiimba wakipara magamba. Wanafunzi walikigeuza mchezo wa kurukia kamba. Akipita Mashimba mahali, mtu alikohoa, mwingine akanguruma kidogo kama simba, na ukigeuka kutazama nani kanguruma huoni mtu.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Suzana aliingia dukani. Alikuwa amejitanda khanga mpaka chini ya macho. Kija alimkaribisha kwenye stuli, hakukaa.

"Ni wewe unayeuuza ule wimbo?"

"Ni mimi, Suzana. Kama unataka, nakuwekea bure kwenye..."

Suzana akaishusha khanga. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka ukashonwa kwa nyuzi nyeusi, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Jicho moja lilikuwa jekundu lote, hata pale panapopaswa kuwa peupe.

"Nani aliwatuma mniimbe?" aliuliza. Maneno yalitoka na upepo kwa sababu ya lile pengo. "Nilikuja kwako kushtaki? Nilimwomba Shigela? Yule mtu hampigi Shigela. Wewe hakupigi. Kila wimbo ukilia njiani akausikia, anarudi nyumbani ananipiga mimi. Jana umelia mara nne. Unataka nikuonyeshe mara nne zilivyo?"

"Sikujua," Kija alisema.

"Ulijua. Siku ile ya upawa ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo. Nilikuona. Ulinitazama, ukaniacha, ukaenda kuniuza."

Alijitanda tena khanga yake akatoka, akarudi kukoroga uji.

Kija alifuta wimbo kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kwa vijana wa bodaboda kuwaomba waufute. Wakamcheka. "Dada, tumeshatumiana mpaka Geita huko," mmoja alimwambia. "Utamfuata kila mtu?" Alimwambia na Shigela habari za meno ya Suzana. Shigela akasema hataimba tena wimbo ule, wala hataondoka pale stendi, kwa sababu akikimbia itaonekana alisema uongo.

Jumamosi ndipo Mashimba alipokuja.

Ilikuwa saa tano, abiria wamejaa, mabasi ya Musoma na ya Bariadi yamewashwa. Shigela alikuwa anaimba habari ya mbuzi aliyekula tiketi ya mtu, na kundi dogo limemzunguka. Mashimba alipita katikati ya watu polepole, mikono mfukoni. Kija alimwona, akadhani anakwenda kumpiga Shigela. Alijiandaa kwa hilo, akasogea mlangoni. Lakini Mashimba hakumpiga. Aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akanyanyuka ameshika simu.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi! Huyu hapa! Ameiba simu ya abiria, nimemkuta nayo chini ya kigoda!"

Neno hilo halihitaji shahidi. Walianza vijana wake, maana walikuwa wameshajipanga. Mmoja alimpiga Shigela ngumi ya sikio, mwingine akakivuta kigoda toka chini yake. Lakini baada ya hao wawili watatu wakaja watu wasiojua lolote, watu waliokuwa wanakwenda zao. Mama mmoja alivua kiatu akapiga kwa kisigino. Mwanafunzi wa chuo akarusha jiwe akajipangusa mikono. Mzee aliyekuwa amebeba mkungu wa ndizi aliutua chini taratibu usichubuke, akaenda akampiga Shigela teke la mbavu, akarudi akaubeba mkungu wake akaendelea na safari.

Kija aliushusha mlango wa chuma wa duka lake.

Alifanya hivyo kabla hajafikiri. Mkono wenyewe ulikwenda juu, ukavuta, na mlango ukaanguka kwa kishindo, naye akabaki gizani na harufu ya nyaya za moto. Alisikia miti ikitua mwilini, sauti kama ya mtu anayepiga godoro kutoa vumbi. Alisikia zeze likivunjwa. Kibuyu kilipasuka mara moja tu, ko. Halafu akasikia jina lake.

"Dada Kija! Waambie! Waambie mimi ni nani! Dada Kija!"

Baadaye, mahakamani, aliulizwa alikaa ndani muda gani, akasema dakika mbili. Alijua ilikuwa zaidi.

Alipoinua mlango alikuwa ameshika kipaza sauti cha matangazo, na spika kubwa ya mlangoni ameifungulia mpaka mwisho. "Huyo ni Shigela!" alipiga kelele. "Shigela wa zeze! Mnamjua nyote! Aliyeibiwa yuko wapi? Mwenye simu ajitokeze! Yuko wapi?"

Sauti yake ilipita juu ya vichwa, ikagonga ukuta wa upande wa pili ikarudi. Wachache walisimama. Mwanamume mmoja mwenye gongo alilitazama gongo lake, akamtazama aliyelala chini, akalidondosha na kurudi nyuma akiingia katikati ya watu kama anayezama majini. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama mambo yangetulia. Kisha tofali likaja toka upande wa mabasi, likampata Kija begani. Mkono ulikufa ganzi, kipaza sauti kikaanguka. La pili lilikwangua upande wa kichwa chake, na damu ikaanza kumshukia shingoni, ya moto kuliko alivyotarajia.

Hakukimbia. Aliingia katikati ya watu akisukuma kwa bega zima, akimwita Shigela kwa jina. Akamfikia. Uso wa mpiga zeze ulikuwa hauna umbo. Vijana wawili walikuwa wamemkandamiza mkono wa kushoto juu ya ukingo wa saruji, mkono wa vidole vinavyobonyeza uzi, na wa tatu alikuwa analishusha jiwe. Kija alimrukia huyo wa tatu mgongoni akamng'ang'ania nywele. Jiwe lilikuwa limeshashuka. Lilishuka tena. Mtu akamvuta Kija kwa blauzi, akamtupa chini, akamkanyaga tumbo.

Alipofungua macho aliona tairi.

Lilikuwa tairi la bajaji, dogo, limechakaa. Kijana alilibeba kiunoni kama mtoto, na mkono mwingine ana chupa ya petroli. Alisimama mbele ya Mashimba akasubiri. Mashimba alimtazama Shigela, akatabasamu, akasema neno moja tu.

"Mvike."

Wakati huo Suzana alikuwa kwenye jiko lake la uji kando ya stendi. Watu wengi walisema baadaye kwamba walimwona akiitazama ghasia yote bila kuacha kukoroga. Sufuria ya pili ya uji wa ulezi ilikuwa inatokota. Aliuacha mwiko, akashika masikio ya sufuria kwa vipande vya khanga, akaiinua. Akaanza kutembea. Hakusema "nipisheni." Watu humpisha mwenye sufuria ya moto hata wakiwa wanaua; walimwona, wakajitenga huku na huku, njia ikafunguka mpaka kwa mumewe.

Mashimba alikuwa amempa mgongo.

Suzana aliinua sufuria mpaka usawa wa kichwa, akaimimina yote, kuanzia kisogoni.

Maji ya moto huchuruzika, uji hauchuruziki. Ulimganda shingoni na mgongoni, ukaingia ndani ya kola, ukaendelea kuchemka pale pale juu yake. Mlio alioutoa ulisikika mpaka barabarani. Alijikamata shati akalivua kwa nguvu, na ngozi ikaja pamoja na shati. Akaanguka, akainuka, akakimbia akigonga watu, akaanguka tena kwenye tope la gereji iliyokuwa jirani. Kijana mwenye tairi alitupa tairi na chupa akatimua mbio. Baada ya yeye wakakimbia wote. Kabla hata mabasi hayajaondoka, mahali pale palikuwa na kandambili zilizoachwa, mawe, vipande vya kibuyu, Shigela, Kija, na Suzana aliyesimama na sufuria tupu mikononi.

Polisi walipofika walimchukua Suzana, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama.

Shigela aliishi. Hospitalini walilitoa jicho lake la kushoto siku ile ile, na katika mkono wa kushoto walikata vidole viwili, vingine vitatu vikafungwa vyuma. Kija alishonwa kichwa, akaambiwa bega limeteguka. Siku ya pili alikwenda kituoni mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, amebeba chakula. Walimruhusu kuzungumza na Suzana kidogo kupitia nondo za mlango.

"Umemwokoa," Kija alimwambia. "Ulimwokoa Shigela. Nitasema hivyo popote."

Suzana alikula kwanza ugali wote, upande mmoja wa mdomo. Kisha akasema, "Usiseme hivyo, siyo kweli. Sikummwagia kwa ajili ya Shigela. Miaka tisa, Kija, yule mtu hajawahi kunipa mgongo. Hata usingizini analala akinitazama. Jumamosi alinipa mgongo."

"Basi nisemeje?"

"Sema ulichokiona. Safari hii usiweke ngoma chini yake."

Kija aliandika maelezo yake kurasa sita, akataja majina ya vijana wanne aliowatambua, akaweka sahihi. Askari aliyeyapokea alimwuliza mara mbili kama ana uhakika. Wenzake wote waliohojiwa stendi, wauza vocha, mafundi viatu, akina mama wa vitumbua, walisema siku hiyo walikuwa wamekwenda msibani. Ulikuwa msiba mkubwa huo, uliomaliza stendi nzima.

Siku nne baadaye, saa saba mchana, wakaja watatu dukani.

"Bosi Mashimba anakusalimia toka wodini," alisema wa mbele, kijana mwenye kofia. Hakungoja jibu. Alikuwa na nyundo. Aliipiga kompyuta kwenye kioo, akaipiga tena mpaka kiini chake kikatoka nje. Wa pili alivuta rafu nzima ya spika ikaanguka kwa mkupuo. Kija alikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi. Aliutumia kuchukua pasi ya kuchomelea nyaya iliyokuwa kwenye umeme, na kijana wa tatu alipomjia akamkandika nayo shavuni. Yule kijana akapiga yowe. Yule wa kofia alimkamata Kija kooni akamgongesha ukutani, naye Kija akauma alichokipata, kikawa kidole gumba, akakisaga meno mpaka akausikia mfupa. Ngumi ilimfikia mdomoni mara tatu kabla hajaachia. Alipoanguka walimpiga mateke, bila haraka, kila mmoja kwa zamu yake, yule aliyeungua shavu akizidisha kuliko wote.

Sakafuni, kupitia chini ya kaunta, Kija aliona mlango wa duka la vitambaa lililo mkabala. Mwenyewe, mzee Bashiru, mtu mwema aliyemjua miaka mingi, alisimama akitazama. Halafu akaushusha mlango wake taratibu, kama Kija alivyoushusha wa kwake Jumamosi ile. Hakuweza hata kumchukia.

Kesi ilisikilizwa baada ya miezi mitano. Mashimba alikuja na shingo iliyofungwa kitambaa. Ngozi ilikuwa imepona kwa kujikunja, hakuweza tena kugeuza kichwa, na akitaka kukutazama aligeuza mwili mzima kama mlango. Wakili wake alimwuliza Kija kama si yeye aliyetengeneza na kusambaza wimbo wa kumdhalilisha mteja wake.

"Ni mimi," Kija alisema. Pengo la meno aliyong'olewa kwa ngumi dukani lilimfanya apulize maneno kama Suzana.

"Kwa hiyo wewe ndiye chanzo cha vurugu zote hizi."

"Wimbo niliuweka mimi. Shigela alinikataza, sikumsikia. Suzana alipigwa kwa ajili ya wimbo huo, na hilo nitakufa nalo. Lakini simu chini ya kigoda aliiweka yule pale. Na neno 'mvike' alilisema yule pale. Nilikuwa chini, karibu na viatu vyake. Nilimsikia."

Kelele zikazuka mahakamani, hakimu akagonga meza. Mashimba alifungwa miaka mitatu. Wawili kati ya wale vijana wanne walikuwa wameshatorokea visiwani, hawakuonekana tena. Suzana, ambaye alikaa mahabusu muda wote huo, katika kesi yake mwenyewe alipewa kifungo cha nje. Alitoka na mfuko mmoja wa nguo, akapita mbele ya Kija kwenye uwanja wa mahakama. Hakumkumbatia wala kumshukuru. Alisimama akasema, "Nakwenda kwa mama yangu Kwimba. Usinitafute." Akaenda, na Kija hakumtafuta.

Duka halikufunguliwa tena. Kija alihamia chumba cha kupanga Kiseke, akaanza kuuza vocha na kutengeneza redio mbovu. Ilimchukua wiki nzima ya kusitasita mpaka akapata moyo wa kwenda Buswelu.

Nyumba ya Shigela ilikuwa mwisho wa njia, matofali ya kuchoma, mbele yake shamba la viazi vitamu. Mke wake, Sabina, alikuwa anaanua nguo. Alimtambua Kija kwa mbali. Aliweka beseni chini, akaja mpaka alipo.

"Mwangaluka, mama," Kija alimwamkia kwa Kisukuma.

Sabina alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono wa kulimia, likampeleka Kija hatua mbili pembeni. Akasimama sawa. Sabina akampiga la pili, na la tatu, akilia sasa.

"Miaka kumi na miwili!" alisema. "Miaka kumi na miwili ameimba, anarudi mzima! Alikwambia uuache! Alinieleza! Alikwambia!"

"Aliniambia," Kija alisema.

"Sasa umefuata nini? Umeleta pole? Pole tunazo, zimejaa ndani mpaka hatuna pa kulala."

Kija alikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba hadi jua lilipoanza kuinama, hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza, kisha akarudi Kiseke kwa miguu. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha, ardhi imelainika, na Sabina alimkuta pale pale kwenye jiwe. Akaingia ndani, akatoka na jembe, akalitupa miguuni pake.

"Kama unakuja, usije kukaa," alisema. "Yule hawezi kushika jembe kwa mkono mmoja, na mvua haitungoji."

Shigela alikuwa ameshafika shambani, amebeba mzigo wa marando ya viazi ya kupanda chini ya kwapa, kitambaa cheupe kimefungwa juu ya jicho. Alikuwa amekonda zaidi. Kija alisogea na jembe lake, bega bado likimuuma, akaanza kuinua tuta. Alilima kama mtu wa mjini, kwa hasira, udongo ukiruka kila upande. Shigela alimfuata nyuma akichomeka marando kwa mkono wa kulia, akifunika kwa unyayo, mpaka walipofika mwisho wa mstari na kugeuka.

"Dada Kija," alisema.

"Naam."

"Tuta lako limepinda."

Kija alilitazama. Lilikuwa limepinda kweli. Alirudi mwanzo, akalivunja, akaanza upya.